Bangi na Amri ya Tano

Mkatekumeni wa vilima vilivyo juu ya Sake aweza kumwuliza katekista wake hivi: "Mwalimu, katikati ya mahindi yangu mna mistari michache ya bangi. Mimi siivuti. Nauza gunia, nalipa masomo ya watoto. Nasikia nchi nyingine zimeiruhusu. Serikali yetu nayo ikiiruhusu, je, nitaweza kubatizwa nami ningali nailima?"

Swali hili si la mjinga, nalo lastahili jibu la mtu mzima.

Habari aliyoisikia ni ya kweli. Uruguay iliiruhusu mwaka 2013, na Kanada mwaka 2018. Mwaka huohuo wa 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima asiadhibiwe kwa kuilima na kuivuta faraghani. Rwanda, jirani wa ng'ambo ya ziwa, mwaka 2020 ilikubali ilimwe kwa leseni, kwa ajili ya dawa za kuuzwa nchi za nje tu. Thailand iliifungulia mlango mwaka 2022, na mwaka 2025 ikarudi nyuma, ikataka cheti cha mganga. Kongo imeikataza tangu enzi za Wabelgiji. Basi sheria za wanadamu huenda na kurudi.

Wapo wasemao kwamba bangi huleta amani. Neno hilo si jipya katika nchi hii. Mjerumani Hermann von Wissmann alipofika Kasai mwaka 1881 alimkuta mtemi Kalamba na watu wake wakijiita Bena Riamba, ndiyo kusema wana wa bangi. Walikuwa wamekataza pombe ya mchikichi, wameteketeza hirizi zao, wameacha kutembea na silaha kijijini, nao walikutana kuvuta pamoja iwe ishara ya udugu. Mtu asiwacheke, maana walitamani kitu chema. Lakini mkosaji kwao alihukumiwa kuvuta bangi mpaka azimie. Kumbe moshi uliokuwa alama ya upendo ndio uliokuwa fimbo!

Na mwilini hufanya nini? Waganga wamepima. Ubongo wa mwanadamu huendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25, na bangi humpunguzia kijana kumbukumbu na usikivu wakati uleule anaopaswa kujifunza. Katika wavutaji kumi, mmoja hivi hufungwa nayo asiweze kuiacha. Walioanza wakiwa vijana hufungwa kwa wingi zaidi. Wengine, hasa wavutao sana, hupatwa na wazimu: husikia sauti, huwaogopa ndugu zao wenyewe. Mama mjamzito akiivuta, mtoto aweza kuzaliwa na uzito mdogo. Ni kweli pia kwamba katika mmea huo imepatikana dawa ya namna fulani za kifafa cha watoto. Kanisa halikatazi dawa itolewayo na mganga kwa ajili ya ugonjwa. Na kiko cha jioni si dawa hiyo.

Tena Sake ina majonzi yake. Ni mji wa njia panda: barabara ya Masisi na ile ya Minova na Bukavu hukutana hapo, kiasi cha kilometa 25 toka Goma. Watu wake wamekimbia mara nyingi, na Januari 2025 mji ulitekwa na M23. Katika vita vya Kivu hata watoto wametiwa bunduki mikononi, na wengine wakapewa bangi ili wasione hofu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba wapiganaji wa FDLR walipata fedha kwa biashara ya bangi. Gunia linaposhuka mlimani juu ya chukudu, kila kizuizi chenye bunduki chajua kutoza.

Wengine husema: kwa sababu hiyohiyo sheria iiruhusu, ili biashara itoke mikononi mwa wenye bunduki. Hoja hii ina uzito, haijibiwi kwa makelele. Ila ruhusa ya sheria yahitaji hakimu, polisi na mkaguzi. Mahali wasipokuwapo hao, karatasi iliyotiwa sahihi Kinshasa haitamwondoa mtu kizuizini. Itamwongezea wateja tu. Papa Fransisko, mwezi wa sita mwaka 2014, alikataa kuhalalishwa kwa madawa ya kulevya, hata yale yaitwayo mepesi. Hakusema kwamba mvutaji apigwe au atupwe. Gereza halijamponya kijana yeyote kiu hiyo, na Mkristo amwendee kama mgonjwa.

Hata hivyo swali la mkatekumeni lapita sheria. Amri ya tano yakataza kuua, nayo yalinda afya na akili, maana kwa akili mtu humjua Mungu na kuchagua mema kwa hiari. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Ajileweshaye makusudi hulizima taa hekaluni. Naye asiyevuta bali auza, gunia lake lafika kwa mtoto wa nani? Hawezi kusema hajui. Siku ya ubatizo ataulizwa kama amkana Shetani na kazi zake. Asijibu huku mistari ile ingali imesimama.

Basi aing'oe kabla ya ubatizo. Lakini katekista asimwache na shamba tupu na watoto waliofukuzwa shuleni. Alipeleke jambo hili katika shirika la kijiji, wenye mbegu za maharagwe wamkopeshe debe moja, na mzee mmoja aende pamoja naye kwa mkuu wa shule kuomba muda. Maharagwe yakipandwa mwezi wa tisa, huvunwa kabla ya Noeli.