SOMO: NANI AMEACHWA NJE?



Filamu ya Uingereza iitwayo Suffragette, iliyotoka mwaka 2015, inaonyesha wanawake wa London wakidai haki ya kupiga kura mwaka 1912. Maud Watts, mhusika wa kubuniwa, ni mfanyakazi wa kiwanda cha udobi. Anaieleza serikali kwamba wanawake wanalipwa shilingi 13 kwa wiki na wanaume 19, ingawa wanawake wanafanya kazi saa nyingi zaidi. Kwa kudai kura anafungwa, anafukuzwa kazi na kunyang'anywa mtoto.

Hapo filamu inasema kweli: asiye na kura hana sauti hata juu ya mshahara wake.

Lakini filamu imekazia mno kuvunja madirisha na kutega mabomu. Haionyeshi kwamba mwaka 1901 wanawake wa viwanda vya pamba vya Lancashire walipeleka Bungeni ombi lenye sahihi zaidi ya 29,000. Sahihi hukusanywa kwa miguu, mtu kwa mtu.

Sheria ya mwaka 1918 iliwapa kura wanawake wa miaka 30 na zaidi, tena kwa masharti ya mali. Wasichana wengi wa viwandani walingoja mpaka 1928, wanawake walipopata haki sawa na wanaume.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Katika mkataba wetu, nani ameachwa nje: kibarua, au mama mchuma chai?
2. Nani atakwenda kuzungumza naye, na lini?