Damu Safi ya Mbwa wa Madoadoa

Muhula uliopita, katika somo la elimu ya viumbe, mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliniuliza kama mbwa wa ukoo safi ana afya kuliko mbwa koko. Nilimjibu upesi kwamba ndiyo, maana wafugaji humchagulia baba na mama. Jibu lile lilikuwa kosa, na kwa kuwa darasa zima waliliandika madaftarini, yanipasa kulisahihisha mbele ya wote.

Kwanza tujue ukoo safi ni nini. Mwaka 1873 kiliundwa Uingereza chama cha mbwa kiitwacho Kennel Club, kikaweka daftari la vizazi. Kwa desturi ya madaftari hayo, mtoto huandikwa iwapo baba na mama wameandikwa. Basi daftari likifungwa, kasoro iliyomo ndani hubaki mumo humo, na jeni nzuri iliyoko nje haina pa kuingilia. Ndivyo alivyopatwa Dalmatian, mbwa mweupe mwenye madoadoa meusi au ya kahawia.

Mwili wa mbwa hutengeneza asidi ya yuriki. Kwa mbwa wengi asidi hiyo huingia katika ini, hugeuzwa kuwa alantoini, kitu kiyeyukacho vizuri majini, kisha hutoka kwa mkojo. Ini la Dalmatian nalo laweza kuigeuza. Shida yake ni mlango. Jeni itengenezayo njia ya kuipitisha asidi katika seli za ini na figo ina kasoro. Asidi nyingi hutoka kwa mkojo bila kugeuzwa, na kwa kuwa haiyeyuki vizuri, huweza kuganda ikawa vijiwe kibofuni. Hatari kubwa ni kwa dume, kwani njia yake ya mkojo ni nyembamba. Kijiwe kikikwama mkojo huziba, na asipotibiwa upesi hufa. Si wote waliougua, walakini kasoro yenyewe walikuwa nayo wote.

Kasoro hii ni fifi. Tuiandike h, na jeni nzima, iliyo tawala, tuiandike H. Dalmatian wote wa daftarini walikuwa hh. Ukizalisha hh na hh hata miaka mia, utapata hh tu. Ndipo ninapoona kosa langu: kuchagua baba na mama kwafaa nini, iwapo hakuna mwenye H wa kuchaguliwa?

Mwaka 1973 Mmarekani Robert Schaible, mtaalamu wa elimu ya urithi, alizalisha Dalmatian na mbwa wa kuwinda wa aina ya Pointer, mara moja tu. Watoto wakawa Hh. Wao wakazalishwa na Dalmatian, na kwa wastani nusu ya watoto wakawa Hh. Waliotambulika kwa kupimwa mkojo kuwa na asidi kidogo ndio waliochaguliwa, na kazi ikarudiwa kizazi baada ya kizazi. Urithi wa Pointer hupungua kwa nusu kila mara: 1/2, 1/4, 1/8, hata kizazi cha kumi ni kama 1/1024. Lakini H haichujuki kama tui litiwalo maji. Ama ipo nzima, ama haipo.

Mwaka 1981 chama cha Marekani, American Kennel Club, kiliwaandika mbwa wawili wa uzao huo. Wafugaji wa Dalmatian wakapinga, mlango ukafungwa. Mwaka 2008 wataalamu waliipata jeni yenyewe, SLC2A9. Uingereza ilikubali kuwaandika mwaka 2010, Marekani mwaka 2011. Miaka 30 ilipotea kwa kulinda jina, na madume yakaendelea kuziba mkojo.

Pointer hakutibu kila kitu. Baadhi ya Dalmatian huzaliwa viziwi, jambo lihusianalo na weupe wao, na hilo lingali lipo.

Zoezi: mbwa wawili Hh wakizaa, kati ya watoto wanne, kwa wastani wangapi watakuwa hh? Na kwa nini mfugaji angetamani kupata HH? Yule aliyeniuliza muhula uliopita na aanze na swali la pili.