Betri Ipi Ilifaayo Gari Lako? Maswali na Majibu ya Fundi wa Umeme wa Magari

Magari yanayotujia kutoka Japani miaka hii, Demio, Note, Forester na mengineyo mfano wao, yamekuja na matakwa mapya ya umeme ambayo wenye magari wengi hawakuambiwa walipokabidhiwa ufunguo. Na kwa kuwa betri ndiyo ya kwanza kuadhibika kwa kutojua huko, nimeona vema kuyakusanya hapa maswali niulizwayo karakanani, Mombasa, na kuyajibu kwa tafsili, kila moja kwa kadiri ya uzito wake. Rai yangu naitanguliza mapema: bei ni jambo la mwisho kuulizwa. La kwanza ni aina ya betri ambayo gari liliundwa nayo, la pili ni umbo lake, na hapo ndipo pesa ziingie katika mazungumzo.

Fundi, asubuhi gari langu halikuwaka. Betri imekufa, au sivyo?

Haijulikani bado, bwana wangu, na asiyepima hana haki ya kukuuzia mpya. Betri iliyojaa, ikiisha kupumzika usiku kucha bila ya kuchajiwa wala kutumiwa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki na nusu ya chaji yake, na ikishuka chini ya 12 imekaribia kuwa tupu. Lakini kwisha chaji siko kufa. Ichajiwe hata ijae, kisha ipimwe wakati wa kupiga stata: ikiwa volti zaporomoka chini ya 9.6 ilhali ilikuwa imejaa, yakini umri wake umekwisha. Ikisimama imara, basi mwizi yuko mahali pengine, na aghalabu ni mmoja katika wawili, ama altaneta isiyochaji sawasawa, ama kifaa kinyonyacho umeme gari likiwa limezimwa. Huyu wa pili nimemkuta mara nyingi katika vifaa vya kufuatilia gari na katika redio kubwa zilizofungwa baadaye. Kifaa kinyonyacho ampea 0.3 hula ampea-saa 7.2 kwa siku moja. Iache betri ya ampea-saa 45 siku nne katika maegesho ya uwanja wa ndege, nawe utaikuta imepoteza zaidi ya nusu ya akiba yake, iwe kuukuu au iwe imetoka dukani juzi.

Altaneta yataka uangalifu zaidi. Katika magari ya zamani tulitarajia volti baina ya 13.8 na 14.4 wakati wowote injini ingurumapo, lakini haya mapya huipandisha na kuishusha chaji kwa amri ya kompyuta, hata fundi aliyepima mara moja tu aweza kuilaumu altaneta isiyo na kosa lolote.

Dukani nasikia ya maji, kavu, EFB, AGM. Zatofautianaje?

Asili yake ni moja. Tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza betri ya risasi iwezayo kuchajiwa upya, mwaka 1859, kanuni haijabadilika: sahani za risasi ndani ya tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji, na katika betri ya gari vyumba sita vilivyoungana, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei. Ile ya kawaida, iwe na vifuniko vya kuongezea maji au iwe imezibwa juu kabisa, ndani yake mna maji yachezayo. Na hapa wengi hupotea, kwani huiona imezibwa wakaiita kavu, kisha wakadhani wamepata AGM kwa bei ya rahisi. EFB nayo ni ya maji, illa sahani zake zimeimarishwa ili ivumilie kutumiwa na kuchajiwa mara nyingi kwa siku. AGM ndiyo ambayo tindikali yake yote imefyonzwa na mikeka ya nyuzi za kioo iliyobanwa baina ya sahani. Haimwagiki, hupokea chaji upesi, na bei yake yapita zote.

Sharti ninalowapa wote ni kwamba usishuke daraja. Gari lililotoka kiwandani na AGM lirudishiwe AGM, na lililotoka na EFB lisipewe chini ya hiyo. Kupanda kutoka ya kawaida kwenda EFB hakuna madhara. Kupanda kwenda AGM, kwetu pwani, nashauri kusita ikiwa betri hukaa kando ya injini, maana AGM haipendi joto kali, na hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji wengi kuiweka butini au chini ya kiti.

Gari langu huzima injini lenyewe likisimama kwenye taa. Mimi hubonyeza kitufe nikauzima mfumo huo. Kwa nini basi nisinunue betri ya kawaida iliyo rahisi?

Ni swali la mtu anayehesabu pesa zake, bibi, nami nakusifu kwa kuuliza kabla ya kununua. Walakini kuzima na kuwasha injini ni nusu tu ya habari. Kitufe hicho, katika magari mengi, husahau ulichokiamuru kila uwashapo upya, na siku utakaposahau wewe, katika foleni ya kivuko cha Likoni, stata itapigwa mara nyingi kuliko ilivyopigwa wiki nzima katika gari la baba yako. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba altaneta ya gari la namna hiyo haichaji mfululizo: ukikanyaga mafuta hupumzishwa ili injini isibebe mzigo, na ukiyaachia, gari likipunguza mwendo, huamka na kusukuma umeme mwingi kwa muda mfupi. Ili pawe na nafasi ya kuupokea umeme huo wa ghafla, kompyuta huiacha betri makusudi isijae kabisa. Sasa betri ya kawaida haikuundwa kuishi pasipo kujaa. Salfati ya risasi huganda juu ya sahani zake ikawa ngumu, tindikali nzito hutuama chini na ile nyepesi ikabaki juu, na baada ya muda usio mrefu sahani hazipokei tena chaji iwayo yote. Kitufe hakiyazuii hayo. Utarudi dukani kabla ya wakati wako, na pesa uliyodhani umeiokoa utakuwa umeilipa kwa fungu la pili.

Maandishi kama 55B24L yasomwaje?

Kwa mpango wa Kijapani, nambari ya mwanzo, 55, ni daraja ya nguvu, wala siyo ampea-saa kama wauzaji wengi wadhanivyo. Kadiri izidivyo ndivyo betri ilivyo na nguvu zaidi ndani ya umbo lile lile. B ni kipimo cha upana na kimo, na 24 ni urefu wake kwa sentimita, kwa kukadiria. Herufi ya mwisho, L au R, yaonyesha kichwa cha chanya kimewekwa upande gani. Ukikosea herufi hiyo moja waya hautafika, na mwenye haraka atauvuta kwa nguvu au ataigeuza betri. Naye akiunganisha kinyume, hata kwa nukta moja, fyuzi kubwa itaungua, na huenda kompyuta ikafuata.

Ikiongezwa S mwishoni, yaani 55B24LS, vichwa vyake ni vinene. Katika betri za B kama hii, pasipo S ni vyembamba. Watu huipuuza herufi hii kuliko zote, nami nimefungua boneti nyingi nikakuta kibano kipana kimefungwa juu ya kichwa chembamba, na pengo lake limezibwa kwa msumari uliogongwa kwa nyundo. Chuma cha msumari hushika kutu kwa mvuke wa tindikali, mshiko hulegea, mahali pale hupata moto kila stata ipigwapo, unga mweupe na wa kijani huota pande zote, kisha mwenye gari akaja kulalamika kwamba betri mpya haifai. Betri ile haina kosa. Itoe, safisha vichwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, ununue vibano vya kipimo chake, na malalamiko yatakoma.

Magari ya kuzima injini yana mwandiko wake, kama M-42, N-55 na Q-85, ambamo herufi ya mwanzo ndiyo umbo: M ni sawa na B20, N ni sawa na B24, na Q ni sawa na D23. Kwa hiyo gari lenye kibandiko cha Q-85 likipewa 55D23L ya kawaida, betri itakaa barabara katika kitako chake, vibano vitafika, gari litawaka siku hiyo hiyo, na mwenyewe ataondoka ameridhika, asijue kwamba ameshushwa daraja. Ndiyo maana nasema kibandiko cha betri ya zamani kisomwe kabla haijatolewa, na kikiwa kimefutika, au ikiwa mwenye gari wa kwanza aliwahi kubadilisha, kitazamwe kitabu cha gari.

Je, nikinunua kubwa zaidi nitakuwa salama zaidi?

Kubwa haiunguzi kitu, kama wengine wanavyotishwa, kwani vifaa huvuta umeme kwa kadiri ya haja yao. Yatosha iingie katika kitako chake, ifungwe kwa mkanda wake, na vichwa vyake visiguse boneti ikifungwa. Lakini usilipie usichokihitaji. Ampea-saa ni kipimo cha akiba: betri ya 60 huweza kutoa ampea 3 kwa muda wa saa 20. Zile ampea za kuwashia kwenye baridi, zilizoandikwa kwa tarakimu kubwa ili zikuvutie, hupimwa betri ikiwa katika baridi ya digrii 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30, hali ambayo hutaikuta Mombasa, wala Tanga, wala hata Limuru alfajiri ya mwezi wa Julai. Adui wetu sisi ni joto. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila joto la betri lizidipo kwa digrii 10, umri wake hukaribia kupungua kwa nusu. Basi ile ngao ya plastiki au ya kitambaa kizito iliyoizunguka betri kutoka kiwandani, ambayo karakana nyingi huitupa kwa kuiona takataka, irudishe mahali pake.

Nina Prius, gari liendalo kwa petroli na kwa umeme. Mbona yahitaji betri ndogo ilhali inayo ile kubwa?

Betri kubwa ndiyo iizungushayo injini. Ile ndogo ya volti 12 kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kuifungulia njia hiyo kubwa. Ikiisha chaji, gari zima hulala, hata kama kubwa imejaa. Na kwa kuwa katika Prius nyingi hukaa nyuma, katika chumba kimoja na abiria, hapo yapasa iwe ya AGM yenye kijitundu cha hewa, nacho kiungwe na mpira mwembamba utokao nje ya bodi, maana betri yoyote ya risasi ikizidishiwa chaji hutoa haidrojeni, gesi ishikayo moto kwa cheche moja. Nimekuta mpira huo ukining'inia bila kuungwa na kitu. Mwambie fundi akuonyeshe kwa kidole mahali alipouunga.

Ni kweli kwamba kompyuta lazima iarifiwe?

Kwa magari mengi mapya, naam. BMW na Audi, mathalan, huhifadhi kumbukumbu ya uzee wa betri na kuichaji kwa kufuata umri huo. Ukiweka mpya pasipo kuarifu, itachajiwa kama kikongwe. Magari kadhaa ya Kijapani ya kuzima injini nayo yataka hesabu yao ya matumizi irudishwe kwenye sifuri kwa mashine. Uliza mapema kama fundi anayo. Wakati wa kutoa, waya wa hasi utangulie kufunguliwa, na wakati wa kufunga uwe wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isizue cheche.

Dukani nitazame nini kabla ya kulipa?

Tarehe ya kutengenezwa, kisha mita. Betri hujimaliza yenyewe ikiwa rafuni, na katika ghala lenye joto hujimaliza haraka zaidi. Isiyofika volti 12.5 usiichukue, hata muuzaji akiapa kwamba ikichajiwa itakuwa sawa. Dhamana iandikwe katika risiti, pamoja na tarehe na mhuri wa duka. Na zile zinazosemwa zimefufuliwa, zilizosafishwa na kupakwa rangi upya, siziweki katika gari la mtu yeyote aniaminiye.

Na ile kuukuu, fundi, niifanyeje?

Usimwage tindikali yake mtaroni, wala usimpe mtoto wa mtaani aende kuivunja kwa nyundo apate risasi. Sisi wa Mombasa hatuna udhuru wa kutojua, kwa kuwa Owino Uhuru iko hapa hapa kwetu, kijiji ambacho kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kiliingiza sumu katika damu ya wakazi wake, watoto wadogo wakiwemo. Phyllis Omido, aliyesimama kukipinga, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na kesi ya wakazi hao ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya. Risasi haitoki mwilini upesi, na akili ya mtoto iliyoharibiwa nayo hairudi. Basi ibebe betri yako ikiwa imesimama wima, ndani ya karai la plastiki, uipeleke kwa muuzaji yule yule unayenunua kwake mpya. Risasi iliyomo ina thamani, na duka la kweli hukupunguzia bei kwa ajili yake. Muulize huirudisha kwa nani. Akitaja kiwanda chenye leseni, mwachie, na akisitasita, ipeleke kwa mwingine.