Somo: Waangalizi wa uchaguzi wanakuja kufanya nini?



Mtu wa Rughenda, hapa Butembo, anaweza kuuliza: «Mwaka 2006 waangalizi wa kigeni walikuja kwa wingi. Mbona mwaka 2018 sisi hatukumchagua rais?» Ni swali la haki. Tulitazame pamoja.

1. Mwangalizi ni nani?

Mwaka 2005, kwenye Umoja wa Mataifa huko New York, mashirika mengi yalikubaliana kanuni za kazi hii. Mwangalizi anaangalia, anaandika, kisha anatangaza alichokiona. Hahesabu kura. Hasimamishi uchaguzi. Habadili matokeo. Yeye si askari wala si hakimu.

2. Historia yetu inatufundisha nini?

Tarehe 30 Julai 2006 Wakongomani walipiga kura. Tume ya uchaguzi iliongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu, wa Jimbo la Butembo-Beni. Umoja wa Ulaya na Kituo cha Carter walituma waangalizi. Katika duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, Joseph Kabila alipata asilimia 58 na Jean-Pierre Bemba asilimia 42.

Mwaka 2011 Kituo cha Carter kilisema kwamba matokeo hayakustahili kuaminiwa. Hata hivyo rais aliapishwa. Ripoti ni ushuhuda, si amri.

Mwaka 2018 serikali haikuwaalika Umoja wa Ulaya wala Kituo cha Carter. Kanisa Katoliki lilituma waangalizi wa kwetu karibu 40,000. Lakini siku chache kabla ya kura ya tarehe 30 Desemba, tume iliahirisha uchaguzi wa Beni, Butembo na Yumbi hadi Machi 2019. Kwa Beni na Butembo ilitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Rais aliapishwa Januari 2019. Hivyo wapiga kura zaidi ya milioni moja hawakuhesabiwa. Huko Beni watu walijipangia kura yao wenyewe, ili waonyeshe kwamba waliweza kuchagua.

Mwaka 2023 watu wengi wa Masisi na Rutshuru walikosa kura kwa sababu ya vita.

3. Tufanye nini?

Mwangalizi anayesimama ndani ya ofisi ya kura humwona aliyefika. Asiyeandikishwa, au aliyekimbia akaacha kadi yake kijijini, hamwoni. Kwa hiyo:

- Tuanze mapema. Wakuu wa wahamaji wahesabu watu wasio na kadi, wapeleke hesabu hiyo kwa tume na kwa waangalizi kabla ya siku ya kura.
- Tuseme tulichokiona kwa macho: mahali, siku, saa na jambo lenyewe. Uvumi tuuache. Majina ya watu walio hatarini tuyafiche.
- Kura zikiisha kuhesabiwa, sheria inataka karatasi ya matokeo ibandikwe kwenye ofisi. Tuisome, tuinakili.
- Mabishano juu ya uchaguzi wa rais yana mahali pake, ndiyo Korti ya Katiba. Kuchoma nyumba ya jirani hakurudishi kura hata moja.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hukaa siku chache, kisha hupanda ndege. Mwenyeji ndiye anayebaki na jirani yake. Basi macho ya kwanza ya uchaguzi yawe yetu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Mwaka 2018, kukosa kura kulileta maumivu gani katika jamaa yako?
2. Katika kundi lenu la wahamaji, nani hana kadi, na kwa sababu gani?
3. Tutafanyaje ili vijana wetu wadai haki yao bila kumwaga damu?