Virusi katika Mkojo wa Paka: Je, Ndivyo Vinavyoharibu Figo?

Paka aliyevuka umri wa miaka 10, akaanza kunywa maji kupita desturi yake, kukojoa sana na kukonda, ana kila dalili ya figo zinazochoka. Maradhi sugu ya figo ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya paka wazee, na mara nyingi chanzo chake hakitambuliki. Kipande cha figo hiyo kikitazamwa kwa hadubini, picha huwa karibu ileile: chembe nyeupe za damu zimejaa baina ya mirija midogo ya figo, mirija yenyewe imesinyaa, na kovu limetanda mahali palipokuwa na tishu hai. Picha hiyo hutuonyesha uharibifu, lakini haimtaji mharibifu.

Mwaka 2012, watafiti wa Hong Kong walitangaza kwamba huenda wamempata mmoja wa washukiwa. Walichunguza paka wa mitaani 457, na katika 56 kati yao wakakuta kirusi ambacho hakikuwa kimejulikana hapo kabla, karibu wote kikiwa katika mkojo. Muundo wa vinasaba vyake ulikiweka katika ukoo wa mobilivirusi. Ukoo huo hatuna ugeni nao. Ndimo ilimo surua ya watoto wetu. Ndimo ilimo sotoka, iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kutangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Na ndimo ilimo distempa ya mbwa, ambayo mwaka 1994 iliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti. Kirusi kinachotoka katika nyumba hiyo kinastahili kuangaliwa kwa makini.

Watafiti hao hawakuishia kwenye kukigundua. Waliwalinganisha paka 12 waliokuwa na kirusi na 15 wasiokuwa nacho, wakatazama figo zao. Uvimbe wa tishu zilizo baina ya mirija ulionekana kwa paka 7 wa kundi la kwanza, na kwa 2 tu wa kundi la pili. Tofauti hiyo ni kubwa. Muda si mrefu kirusi kikapatikana pia Japani, Italia, Ujerumani, Marekani na Brazili. Hata hivyo, tafiti zilizofuata hazikuimba wimbo mmoja: baadhi zilithibitisha uhusiano na maradhi ya figo, nyingine zikakuta kirusi kwa paka wazima na wagonjwa pasipo tofauti ya maana.

Kwa nini matokeo yapingane? Idadi ndogo ya wanyama ni sababu mojawapo, nayo haihitaji maelezo marefu. Ya pili ni namna paka wanavyoishi. Paka dume wa mitaani, mpiganaji, hukusanya vimelea vingi kwa pamoja kupitia majeraha na msongamano. Ukikuta kirusi kimoja katika mkojo wake, huwezi kukibebesha peke yake mzigo wa vyote. Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni wakati. Kipimo cha PCR hutueleza kilichomo katika mkojo leo. Kovu la figo ni kazi ya miezi au miaka. Yawezekana kirusi kilianza, figo ikafuata. Yawezekana pia figo iliyokwisha kudhoofika ndiyo iliyokipa kirusi mahali pa kukaa. Na yawezekana kirusi kilikwisha kuondoka, kikaacha kovu, nasi tukamhesabu paka huyo katika kundi la wasioambukizwa.

Sisi tunaotibu binadamu tumekwisha kupita njia hii. Kirusi kiitwacho BK huwaingia watu wengi wakiwa watoto, kikatulia ndani ya figo maisha yao yote, na mara kwa mara hutoka na mkojo wa mtu asiye na ugonjwa wowote. Mtu huyohuyo akipandikizwa figo na kupewa dawa za kushusha kinga, kirusi kile kinaweza kuamka na kuila figo mpya. Kwa hiyo kukikuta katika mkojo si kukuta ugonjwa. Tunapima wingi wake katika damu, tunaangalia hali ya kinga, na panapobidi tunachukua kipande cha figo ili tuone kama kirusi kimo ndani ya seli zilezile zinazokufa. Ushahidi wa namna hiyo, wa kirusi na jeraha mahali pamoja, ndio unaopaswa kudaiwa pia kwa paka.

Sehemu ya ushahidi huo imeanza kupatikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kirusi hiki huingia katika chembe za kinga za paka kupitia kipokezi kilekile, CD150, kinachotumiwa na ndugu zake wa ukoo wa surua, na kwamba hushambulia figo. Ulionyesha pia kwamba hakiwezi kutumia kipokezi hicho cha binadamu, jambo la kuwatuliza wenye watoto na paka nyumba moja. Kwa maoni yangu, swali la kama kirusi hufika kwenye figo limejibiwa. Kiungo kinachodaiwa bado ni kile cha kati: kuwafuata paka wale wale tangu siku ya maambukizi hadi kovu litokee au lisitokee.

Kirusi hiki si mshukiwa pekee. Kirusi cha upungufu wa kinga cha paka, kilichotambuliwa California mwaka 1986, kimehusishwa na kuvuja kwa protini katika mkojo, kama ambavyo VVU huweza kuharibu vichujio vya figo vya binadamu. Kirusi cha korona cha paka, kinapogeuka na kuleta ugonjwa wa utando wa tumbo, huacha vinundu vya uvimbe hata juu ya figo.

Kwa mfugaji, majibu ya kipimo cha kirusi hayabadilishi sana matibabu ya leo. Chanjo dhidi yake haipo, na paka aliyekutwa nacho hana sababu ya kuuawa wala kutupwa. Kinachofaa ni kupima figo zenyewe, na mapema. Kreatinini ya damu hupanda waziwazi baada ya takribani robo tatu ya uwezo wa figo kupotea, ilhali mkojo hupoteza uzito wake kabla ya hapo. Basi mkojo upimwe pamoja na damu, na protini yake iangaliwe. Paka awe na maji safi wakati wote, na mgonjwa apewe chakula chenye fosforasi kidogo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Asipewe kamwe dawa za maumivu za binadamu: diklofenaki na ibuprofeni huziumiza figo, na parasetamoli, hata kidonge kimoja, yaweza kumuua paka kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja.