Maji ya Fedha Yatengenezwayo Nyumbani: Kiasi Kinachotoka Mtamboni na Kinachobaki Mwilini

Mtambo wa kutengenezea maji ya fedha nyumbani ni kifaa rahisi mno kukiunda, na urahisi huo ndio unaowavuta watu. Huhitaji betri tatu za volti 9 zilizounganishwa kwa mfuatano, nyaya mbili za fedha safi, na bilauri ya maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa. Fedha inayozungumziwa hapa ni madini yenyewe, yale ya pete na bangili, si ile inayotiwa mfukoni. Nchini Marekani, ambako mitambo hii ina wafuasi wengi, maji hayo husifiwa kuwa tiba ya maambukizi ya kila namna. Sifa hizo huvuka mipaka upesi kuliko maelezo ya namna mtambo unavyofanya kazi.

Umeme unapopita, waya ulioungwa kwenye upande chanya wa betri huliwa polepole. Chembe za fedha hupoteza elektroni, zikawa ayoni na kuingia majini. Kwenye waya wa pili hutokea viputo vya gesi ya haidrojeni. Baadhi ya ayoni huungana zikawa punje ndogo mno zinazoelea, na punje hizo zikizidi maji hupata rangi ya njano. Punje hizo ndizo hasa zistahilizo kuitwa koloidi, lakini katika mitambo mingi ya nyumbani sehemu kubwa ya fedha hubaki ikiwa ayoni. Mtu akitumia maji ya bomba au akatia chumvi, maji hugeuka meupe kama yaliyotiwa tui: hiyo ni kloridi ya fedha, ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Asidi ya tumboni nayo ni ya kloridi. Kwa hiyo, kuonyeshwa kwamba bakteria wamekufa katika bilauri iliyo mezani hakuthibitishi kwamba maji hayohayo yataponya ugonjwa yakishanywewa.

Swali ambalo wauzaji hulipita haraka ni la kiasi. Kwa kanuni za Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza wa karne ya 19, mkondo wa miliampea 1 ukipita kwa saa moja hung'oa takriban miligramu 4 za fedha. Kiasi hicho kikiingia chote katika lita moja ya maji, hupatikana miligramu 4 kwa lita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa maji ya kunywa, linaeleza kuwa hadi miligramu 0.1 kwa lita inaweza kuvumilika pale fedha inapotumika kuhifadhi maji dhidi ya bakteria. Tofauti ni mara 40. Mwongozo huohuo unakadiria kwamba jumla ya gramu 10 kwa maisha yote ya mtu ndicho kiwango kisichotarajiwa kuleta madhara. Anayekunywa miligramu 4 kila siku hufikisha gramu hizo katika siku 2,500, yaani kabla ya mwaka wa saba kwisha. Ni kweli kwamba fedha nyingine hunata kwenye waya au hutuama chini ya chombo. Lakini ni kiasi gani? Aliye jikoni na betri zake hana kipimo cha kumwambia, na mtambo uliosahauliwa usiku kucha hautoi onyo.

Fedha inayofyonzwa mwilini hutolewa kwa kiasi, na inayobaki hujikusanya katika ngozi na viungo vya ndani. Mwanga wa jua huigeuza kuwa nyeusi, kama ulivyofanya kwa filamu za picha za zamani, na ngozi hupata rangi ya kijivu au ya samawati. Hali hiyo huitwa arjiria. Stan Jones, mwanasiasa wa jimbo la Montana nchini Marekani, alianza mwaka 1999 kujitengenezea maji ya fedha, akihofia kwamba hitilafu ya kompyuta ya mwaka 2000 ingesababisha uhaba wa antibayotiki. Uhaba huo haukutokea. Alipogombea Useneti mwaka 2002, wapiga kura walimwona akiwa na ngozi ya rangi ya samawati. Hakuna dawa ya kumeza inayojulikana kuirudisha rangi ya awali. Tiba ya leza imewasaidia baadhi ya watu.

Mwaka huohuo wa 1999, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa zenye fedha ya koloidi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kutibu. Lipo pia dhara lisiloonekana kwenye ngozi. Fedha inaweza kupunguza ufyonzwaji wa baadhi ya antibayotiki, pamoja na dawa ya tezi ya shingo iitwayo thairoksini. Mgonjwa hudhani amejiongezea kinga, kumbe dozi aliyopewa zahanati imepungua nguvu.

Hayo yote hayaiondolei fedha nafasi yake katika tiba. Ipo krimu ya fedha ya kupaka majeraha ya moto. Lipo pia chujio la maji la udongo, lililobuniwa Guatemala mwaka 1981: udongo huchanganywa na unga wa mbao au pumba, ukachomwa tanuruni hadi ukabaki na vitundu vidogo, kisha chungu hupakwa fedha kidogo ili bakteria wasistawi humo. Katika chujio hilo, kazi kubwa hufanywa na udongo, na fedha hukusudiwa kubaki ukutani mwa chungu.

Kwa maji ya kunywa ya kila siku, kuchemsha hadi yatokote au kutia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kunatosha kuua bakteria. Mkazi ambaye tayari anatumia maji ya fedha amweleze mganga kabla ya kuandikiwa dawa yoyote, na aende na chupa yenyewe ikiwa bado anayo.