MAVI YA NGOMBE: JUU YA NINI HAIFIKE SHAMBANI?



Katika somo la biolojia tuliandika sisi wote kwamba mavi ya ngombe ni chakula cha udongo. Lakini ukipanda vilima vya Masisi unaona jambo lingine: mavi inalala nje, mvua inaipeleka mtoni, na mama mwenye kulima maharagi kilomita mbili kutoka pale anavuna kidogo. Wengi wanasema ni uvivu. Mimi ninakataa.

Tuanze na uzito. Ngombe mkubwa wa maziwa anaweza kutoa kilo 20 mpaka 30 kwa siku. Ngombe 10 ni kilo 200 na zaidi, kila siku, hata siku ya Mungu. Na zaidi ya 80 kwa 100 ya uzito ule ni maji tu. Nani atabeba maji ya namna ile? Chukudu inashuka vizuri, lakini kuipandisha mlima wa matope ni mateso.

Dawa inajulikana: kurundika mavi pamoja na majani makavu, kufunika, kugeuza, kungoja miezi michache. Inakuwa nyepesi, na joto la ndani linaua mayai ya minyoo na mbegu za majani mabaya. Lakini ngombe nyingi za Masisi zinalala katika malisho, si katika nyumba, na mavi inatawanyika. Mkojo, wenye azoti mingi, unapotea wote, maana hakuna sakafu ya kuukusanya.

Basi, juu ya nini hawajengi sakafu? Hapa ndipo shida yenyewe iko. Malisho mengi ni ya matajiri wenye kukaa mjini. Mchungaji (wa ngombe, si wa kanisa!) analipwa kwa kuchunga tu, udongo si wake, mbolea si yake. Mlimaji naye anakodi shamba kwa msimu. Akitia mbolea leo, kesho mwingine atavuna. Someni Luka 13: mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi ili apalilie mti na kutia mbolea. Angalieni, hata yeye ilimpasa kuomba ruhusa kwa mwenye shamba.

Halafu vita. Tangu 1993 watu wa Masisi wamekimbia mara ngapi? Ngombe ziliibwa, zikachinjwa. Mtu mwenye kulala na mzigo wake karibu na mlango hawezi kununua simenti ya kujenga shimo.

Kwa sababu ile ile biogazi haienee. Mavi na maji sawasawa, katika shimo lisiloingiza hewa, inatoa metane, gazi ile ile iko ndani ya Ziwa Kivu, na mama anapika bila makala. Ni nzuri kabisa. Lakini inaomba simenti, bomba na maji ya karibu, na upande wa Goma kuchimba ni kupiga jiwe la volkano.

Maji ya fromaji nayo ni takataka: litre 10 za maziwa inatoa kama kilo 1 ya fromaji, ingine karibu yote ni maji. Mwenye nguruwe ana bahati. Wengine wanamwaga mtoni, na mto unanuka.

Sasa kwetu. Ngombe za shule zinalala juu ya chemchemi ya internati, na tunakunywa pale. Siku ya Posho saa mbili asubuhi tutapima umbali na kutafuta mahali pa kurundika, chini ya chemchemi. Wenye majembe walete.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho